Greda Linalosubiri Theluji

Nchi ninayotaka kuwaelezeni haina jina, kwa hiyo msiniulize. Ilikuwa nalo, tena zuri, lakini lilipelekwa ofisini kufanyiwa marekebisho na mpaka leo faili halijarudi.

Ni nchi ya jua. Nanyi mnalijua jua, lakini si hilo. Hilo la kwao saa mbili asubuhi limeshakuta mbwa wamejilaza kivulini, na ikifika saa sita kivuli chenyewe kinatafuta pa kujibanza. Wilaya inayoongoza kwa joto inaitwa Kaangoni. Mwanamke mmoja wa huko aliacha mshumaa dirishani akaenda kuteka maji, aliporudi akakuta utambi umelala peke yake.

Basi Waziri wa Barabara na Mambo Yaliyobaki wa nchi hiyo akapata safari ya kwenda ng'ambo, nchi ya baridi, kuhudhuria semina ya ufugaji wa nyuki. Ufugaji wa nyuki haumo kwenye wizara yake, lakini safari ilikuwemo. Alipofika kwenye jumba la mikutano alisikia harufu ya kahawa kutoka chumba cha pili, akaingia humo, akaketi. Kumbe ni mkutano wa nchi zenye theluji, na kila waziri anasimama kueleza nchi yake imejiandaa kwa kiasi gani kuondoa theluji barabarani msimu wa baridi ukifika. Mmoja akasema asilimia themanini. Mwingine, mzee mwenye masharubu, akasema tisini, watu wakaguna kwa heshima. Zamu ikamfikia Waziri wetu. Akameza kipande cha keki, akasimama, akasema:

"Asilimia mia moja."

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Akapewa kombe la fedha na kitabu cha mwongozo kinene kama tofali.

Sasa kombe likishapokelewa halirudishwi. Kilichobaki ni kulitafutia sababu.

*

Alitua uwanja wa ndege saa saba mchana akiwa amevaa koti la manyoya, akakataa kulivua. Jasho lilikuwa linamtoka hadi kwenye soksi. Akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Theluji haipigi hodi! Wenzetu wanangoja ianguke ndipo watafute koleo. Sisi tutatafuta koleo kwanza, na yenyewe ianguke ikipenda!"

Makofi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga pembeni akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, itaanguka lini?"

"Mama," Waziri akasema kwa huruma, "hilo ni swali la watu wasioitakia mema nchi hii."

Mama akaushusha mkono wake na hajaunyoosha tena, hata kumwita mteja.

Wiki ile ile ikazaliwa Idara ya Kuondoa Theluji, na kila wilaya ikapata Kamishna. Kaangoni wakaletewa Bwana Erasto Kumbulu, mtu mwenye uzoefu, maana kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa taa za barabarani katika mji usio na umeme, na muda wote aliokaa huko haikuungua taa hata moja.

Kumbulu akaja na waraka. Kwa waraka huo kila koleo, kila toroli na kila fagio la serikali likawa Kifaa cha Theluji. Vikapakwa rangi ya chungwa, vikapakwa grisi, vikafunikwa turubai, vikapigwa lakiri nyekundu. Ruhusa ya kuvigusa hakuna mpaka theluji ianguke, kwa sababu kifaa kikitumika kinachakaa, na kikichakaa ile asilimia mia inakuwa tisini na tisa, na Waziri ameshalipokea kombe.

Kitabu kilisema theluji hunyunyiziwa chumvi. Chumvi yote ya madukani ikachukuliwa ikawekwa bohari, na wilaya ikala mboga chapwa miezi miwili. Kitabu kikasema magurudumu yafungwe minyororo yasiteleze. Minyororo ya kazi hiyo haikupatikana, ikakusanywa ya mbwa, ikaunganishwa. Mbwa wa wilaya nzima wakawa huru kwa amri ya serikali, na nijuavyo mie hao ndio wananchi wa kwanza kufaidika na Idara ile.

Lakini kifaa kikubwa kuliko vyote kilikuwa greda. Wilaya ilikuwa na greda moja tu, la manjano, na dereva wake Mzee Lubango alikuwa amelikalia miaka ishirini na minane mpaka kiti kimechukua umbo lake. Nalo likapakwa rangi ya chungwa, likaandikwa ubavuni: KIFAA CHA THELUJI NAMBA MOJA. Namba mbili haikuwepo.

Kila Jumatatu saa tatu palikuwa na mazoezi. Filimbi inalia, Mzee Lubango anapanda akiwa na sweta, glavu na kofia ya sufu inayofunika masikio. Injini haiwashwi, inachakaa. Kwa hiyo mzee alilazimika kuunguruma kwa mdomo.

"Ngrrrrr," anasema Mzee Lubango.

"Gia ya pili!" anapiga kelele Kumbulu, kitabu mkononi.

"Ngrrrooo."

"Mbona sauti imepungua?"

"Mkuu, hapa nimefika mlimani. Na chai sijanywa."

*

Miezi minane ikaenda hivyo, vifaa vinang'aa, theluji haionekani. Kikaja kilichokuja, mvua za vuli.

Katika wilaya hiyo kuna kijiji kinaitwa Mteremko, na kazi yao ni nyanya. Usiku wa Jumapili ilinyesha mvua ya kutisha, na asubuhi watu wakakuta ubavu wa kilima umeporomoka, umelala juu ya barabara pale kwenye kona. Udongo mwekundu na mawe, urefu wake hatua arobaini, kimo chake mtu mzima na tenga lake kichwani. Hakuna gari la kuingia wala kutoka.

Na wiki hiyo ndiyo nyanya zilikuwa zimechumwa.

Aliyechuma nyingi kuliko wote alikuwa Bi Siwatu, mjane wa miaka sitini na kidogo, mwenye mgongo ulioinama kama mpunga ulioiva na mdomo usio na breki. Matenga yake yalijaa banda zima. Shamba lakini halikuwa lake, lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu wa maneno machache ambayo yote ni mabaya. Msimu uliopita nyanya zilioza kwa sababu daraja lilikuwa linasubiri kuzinduliwa. Shemeji alikuja akazitazama, akasema, "Shemeji, zikioza na za msimu ujao, shamba nalichukua. Nitapanda ufuta." Akaondoka bila hata kunywa maji.

Lori la kupeleka nyanya sokoni lilikuwa limesimama upande wa pili wa udongo. Dereva wake akapaza sauti kuwa atangoja mpaka Ijumaa asubuhi, zaidi ya hapo hawezi, ana vitunguu vya watu wengine vinamngoja.

Walijaribu, msidhani walikaa tu. Bi Zuhena, shoga yake Siwatu, alibeba tenga kichwani akaingia kwenye tope, hatua ya tatu likammeza kiunoni. Walimvuta akatoka. Tenga halikutoka. Wakalima kwa majembe siku nzima ya Jumatatu, jioni kilima kikawarudishia kila walichotoa, na nyongeza.

"Hapa ni greda," akasema Bi Zuhena akijipangusa tope.

"Greda lipo," akasema Siwatu. "Linasubiri theluji."

*

Jumanne asubuhi Siwatu akaenda wilayani kwa miguu, akikizunguka kilima kwa njia ya mbuzi isiyopitisha tenga. Akamkuta Kamishna Kumbulu ofisini, amevaa sweta mbili, na karani wake Desideria akimpepea kwa faili.

Kumbulu, ambaye angeweza kabisa kuwa mtoto wa pili wa Siwatu, aliketi akisubiri shikamoo ya cheo. Siwatu naye akasimama akisubiri shikamoo ya umri. Wakasubiriana mpaka Desideria akaona aibu, akawaamkia wote wawili.

"Marahaba, mwanangu," Siwatu akamjibu Desideria, kisha akamgeukia mwenye ofisi. "Baba, tuna kilima barabarani."

"Vilima ni vya Idara ya Ardhi."

"Kimeteremka."

"Kikiteremka ni cha Idara ya Maafa. Nao Maafa wako semina, watarudi mwezi ujao, maafa yasipozidi."

"Mie naomba greda tu. Lile pale, naliona dirishani."

"Lile si greda, mama. Ni Kifaa cha Theluji Namba Moja."

"Lina magurudumu ya greda."

"Yalikuwa ya greda."

"Na yule aliyelala juu yake ni Lubango dereva, ameoa kwa shangazi yangu."

"Yule si dereva. Ni Mwondoaji Mkuu. Na hajalala, yuko tayari."

Siwatu akavuta kiti akaketi bila kuambiwa. Akamweleza Kumbulu habari ya nyanya, habari ya shemeji, habari ya Ijumaa. Kumbulu si mtu mbaya. Alisikiliza, akatikisa kichwa, hata akatoa leso. Lakini leso ilikuwa ya jasho.

"Mama, ningependa. Lakini mikono yangu imefungwa na Kifungu cha Tisa." Akafungua kile kitabu. "Sikiliza. 'Vifaa vitatoka kwa ajili ya theluji peke yake. Theluji ni kitu kinachoshuka kutoka juu, kikalala barabarani, kikazuia magari, nacho ni cheupe.' Umeona?"

"Hebu soma tena, baba. Masikio yangu yamezeeka."

Akasoma tena.

"Hiki chetu kimeshuka kutoka juu?"

"Kimeshuka."

"Kimelala barabarani?"

"Unavyosema, kimelala."

"Magari yanapita?"

"Hayapiti."

"Basi kimebakiza nini?"

"Rangi, mama," akasema Kumbulu kwa upole, kama daktari anayempa mtu majibu. "Udongo wenu ni mwekundu. Nikiondoa theluji nyekundu, Wizara nzima itanicheka."

"Na baridi? Si nasikia inataka baridi?"

"Baridi tunayo," akasema Desideria kwa fahari. Akafungua jokofu la ofisi akatoa kipima joto kilichokuwa katikati ya soda mbili. "Tunaipima kila siku asubuhi. Leo nyuzi nne. Miezi yote minane haijawahi kupanda."

Siwatu akakitazama kile kipima joto, akalitazama jokofu, akamtazama Kamishna katika sweta zake mbili. Akaaga kwa adabu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akisema neno moja tu, na waliompita walidhani jua limemwingia kichwani. Alikuwa akisema, "Rangi. Rangi."

*

Hapa inabidi niwaeleze desturi moja ya nchi ile, msije mkadhani natunga.

Huko mgeni mkubwa akitarajiwa kupita mahali, mawe yote ya kando ya barabara hupakwa chokaa. Barabara yenyewe inaweza kuwa mashimo matupu, lakini mawe yatang'aa. Miti nayo hupakwa hadi kiunoni. Mwaka aliokuja Mkuu wa Mkoa, mbuzi mmoja alisimama bila kutikisika muda mrefu kidogo, akapakwa. Wanawake wa Mteremko wamepaka mawe tangu wakiwa wasichana, na ofisi ya kata ina stoo imejaa magunia ya chokaa kwa ajili ya ziara ya Waziri iliyoahirishwa mara sita.

Jumatano alfajiri Siwatu akamgongea Mtendaji wa Kata.

"Naomba ufunguo wa stoo, baba. Mgeni anakuja."

"Mgeni gani?"

"Mkubwa."

Mtendaji akatoa ufunguo. Katika nchi ile, neno hilo likishatamkwa, hakuna swali linalofuata.

Wanawake ishirini na wanne wakajifunga khanga puani, wakapanda juu ya kilima kilichoanguka, ambacho jua lilikuwa limekikausha gamba la kubeba mtu mtupu, si mtu na tenga. Wengine walikoroga chokaa kwenye mabeseni wakaimwaga, wengine wakaipepeta kavu kwa ungo, ikawa inashuka taratibu kutoka juu kama kitabu kilivyotaka. Kelele ilikuwa ya harusi.

"Shoga, pale umeacha chekundu!" Zuhena akaita.

"Wapi?"

"Chini ya kalio lako!"

"Basi nikae hapohapo, Kamishna akija nitamwambia nimeganda!"

Saa sita mchana kazi ikaisha. Mie theluji sijawahi kuiona, sitawadanganya. Lakini walioiona ile ya Mteremko wanasema ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho, imelala imetulia, na mbuzi watatu waliopita juu yake walitoka upande wa pili hawajulikani ni wa nani.

*

Alhamisi asubuhi Siwatu akawa mlangoni kwa Kumbulu tena.

"Imeanguka," akasema.

Kumbulu akasimama, kiti kikaanguka. Akapiga filimbi humohumo ofisini. Baada ya nusu saa msafara ulikuwa njiani. Kumbulu mbele juu ya pikipiki na kitabu kifuani, Desideria nyuma yake amekumbatia kipima joto ndani ya ndoo ya barafu, na nyuma kabisa greda likiwa juu ya trela, kwa sababu kutembea kungelichakaza. Walikuja kwa upande lilikosimama lori.

Kumbulu alipoiona ile theluji alivua kofia. Akaisogelea kwa kunyata, akaigusa.

"Mbona haina baridi?"

"Imelala juani tangu jana, baba," akasema Siwatu, aliyekuwa amepanda trela pamoja na Mzee Lubango. "Hata wewe ungekuwa na joto."

Kumbulu akazamisha vidole vinne kupima kina, kama ilivyoagizwa. Vikatoka vyekundu.

"Chini kuna udongo!"

"Ulitaka ianguke juu ya nini? Juu ya godoro?"

Kumbulu akafikiri. Jibu hilo halikuwemo kitabuni, lakini lilikuwa na akili. Desideria akachomoa kipima joto kwenye ndoo ya barafu. "Nyuzi sifuri, Mkuu!" Basi Kamishna Erasto Kumbulu akalia machozi, mbele ya watu. Miezi minane ya kusubiri, na kati ya wilaya zote za nchi, theluji imeichagua ya kwake!

"Mzee Lubango, washa," akasema Siwatu.

"Hapana!" Kumbulu akainua mkono. "Msimu lazima ufunguliwe rasmi. Utepe, bendi, hotuba. Nampigia Waziri."

Akapiga. Waziri alipiga yowe la furaha lililosikika mpaka kwa dereva wa lori. Atakuja. Atakuja Jumatatu. Theluji isiguswe.

Ng'ambo ya ule weupe, nyanya za Siwatu zilikuwa zimeshaanza kulainika, zile za chini ya tenga unazijua kwa harufu. Dereva wa lori akamtazama, akainua kidole kimoja, yaani kesho, mama, kesho basi. Siwatu akamwona shemeji yake akipanda ufuta.

Akamgeukia karani. "Desi mwanangu, hicho Kifungu cha Tisa kinaishia hapohapo, au kina mengine?"

Desideria akachukua kitabu, akafunua ukurasa. "Kuna Kifungu cha Kumi na Moja. 'Theluji ikipata joto huyeyuka na kupotea yenyewe.'"

Siwatu akalitazama jua. Kumbulu naye akalitazama. Lilikuwa limekaa katikati ya anga kama mwenye nyumba.

"Sasa baba," Siwatu akasema polepole, "Jumatatu Waziri atakata utepe wa nini?"

Kumbulu akapiga simu tena. Waziri akajibu kwa kifupi: izuiwe isiyeyuke. Ni amri.

Kwa hiyo Kamishna akatoa mwavuli wake, akaufungua, akapanda juu ya theluji akasimama. Mwavuli mmoja, hatua arobaini. Alijaribu kuukimbiza, akaukinga upande huu, akaona upande ule unaungua, akarukia huko, akarudi. Mzee Lubango akavua kofia ya sufu ili asikie vizuri watu wanavyocheka.

Hapo ndipo wingu likaja kutoka nyuma ya kilima, na tone la kwanza la mvua likaanguka, to, mbele ya kiatu cha Kumbulu. Pale lilipoanguka pakawa na kitobo chekundu.

"Inaanza," akasema Siwatu.

"Nani ameiruhusu?" Kumbulu akapiga kelele.

"Theluji ikijiondokea yenyewe, mwanangu, hao wakubwa watauliza Idara ilikuwa wapi. Na wakishajua inaweza kuondoka yenyewe, watauliza Idara ni ya nini."

Tone la pili. La tatu. Kumbulu alikuwa na mke, watoto watano, na sweta mbili za serikali. Akafunga mwavuli, akaruka chini, akang'ata lakiri ya greda kwa meno yake mwenyewe.

"Mwondoaji Mkuu! Ondoa!"

Mzee Lubango akapanda, akakamata usukani, akavuta pumzi. "Ngrrrrr," akasema.

"Funguo, Lubango!" Siwatu akamkemea.

"Samahani. Mazoea."

Greda likawaka mara moja. Lilikuwa halijapata kutunzwa namna ile tangu litoke kiwandani. Likashuka kwenye trela, minyororo ikilia, na mbwa wa karibu walioijua sauti ya minyororo yao wakatoka mbio kwenda mbali.

Lakini mvua nayo haikulala. Kila ilipogusa, weupe ulitoka na wekundu ukachungulia, na udongo ukiwa mwekundu ni wa Idara ya Ardhi, greda halina ruhusa ya kuugusa. Kumbulu akalielewa hilo kuliko mtu yeyote. Akageuka, akaupa mgongo ule udongo, akafumba macho.

"Bado nyeupe?" akauliza kwa sauti.

Ng'ambo wanawake walikuwa wameshaelewa. Wakaja na mabeseni, wakawa wanatupa chokaa mbele ya greda, greda linasukuma, wao wanatupa, mvua inaosha, wao wanatupa.

"Nyeupe, Mkuu!" wakajibu wote.

"Bado?"

"Kama maziwa!"

"Lubango, fanya haraka kabla haijawa ya wengine!"

Hatua thelathini. Hatua kumi. Gunia la mwisho la chokaa Zuhena alilikung'uta, akalitupa na gunia lenyewe. Mzee Lubango akasukuma bonge la mwisho likatumbukia bondeni, na greda likatokea upande wa kijiji, nyuma yake barabara. Kumbulu akafumbua macho. Hapakuwa na theluji popote. Akapiga saluti.

*

Jioni ile redio ikatangaza. Theluji nzito imeanguka Mteremko na kuondolewa kwa muda wa saa mbili. Waziri amejipongeza. Mteremko kimetangazwa rasmi kuwa Kanda ya Theluji, na wananchi wa huko wanaombwa wasitoke nje bila glavu.

Wananchi wa huko hawakusikia, walikuwa nje wanapakia matenga. Alfajiri ya Ijumaa lori likaondoka, Siwatu juu kabisa ya mzigo, khanga imefungwa kichwani, anaimba.

Aliimba mpaka kwenye kizuizi cha mazao.

Hapo kuna ofisa wa kilimo anayetoa kibali. Nyanya bila kibali hazipiti, zinarudi zilikotoka. Ofisa wa siku hiyo aliitwa Gervas, kijana nadhifu, karatasi moja mpya mkononi.

"Shikamoo, mama. Mzigo unatoka wapi?"

"Marahaba. Mteremko."

Gervas akaitazama karatasi yake, akakunja uso. "Waraka umeingia jana jioni. Mteremko ni Kanda ya Theluji. Kitaalamu, nyanya haioti kwenye theluji. Kwa hiyo hakuna nyanya zinazoweza kutoka Mteremko."

"Zimetoka, baba. Nimezikalia."

"Siwezi kuandika kibali cha nyanya ambazo haziwezekani, mama. Nitafungwa. Na bila kibali hazipiti. Zirudishe."

"Nizirudishe wapi?"

"Zilikotoka."

"Si umesema haziwezi kutoka huko?"

Gervas akaisoma karatasi tena. Nyuma ya lori gari jingine likapiga honi. Siwatu alikuwa anatabasamu, lakini mikono yake ilikuwa imeshika kamba za tenga mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Mwanangu, nikirudi na mzigo huu shamba limekwenda, nami sitapata jingine. Lakini sikuombi uvunje waraka. Ufuate. Ufuate wote. Niambie wewe uliyesoma, kwa waraka huo, mimi hapa nimekaa juu ya nini?"

Kijana akamtazama. Akayatazama matenga, mistari juu ya mistari, mekundu mpaka juu. Akakitazama kidole chake kilichokuwa kwenye karatasi.

"Kwa waraka huu," akasema taratibu, "huna kitu."

"Na lori lisilo na kitu linahitaji kibali?"

"Halihitaji."

Siwatu akachagua moja iliyoiva vizuri, akainama kutoka juu, akamwekea mkononi. "Shika hii isiyokuwepo. Umeamka mapema."

Gervas akaing'ata amesimama. Maji yakamchuruzika kidevuni. Akafungua daftari la kizuizi, akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule: *Lori moja, tupu. Abiria mwanamke mmoja.* Mbegu mbili zikadondoka juu ya neno "tupu", akazipangusa kwa kidole. Kisha akainua mti wa kizuizi, na lile lori tupu likapita polepole, springi zake zikilia kwa uzito.